Kutoka Maiki Moja Hadi Kamera Tatu

Hotuba kwa wachekeshaji wa kike, Dar es Salaam. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Mwenyekiti wetu, mama zetu mliotutangulia kwenye fani, dada zangu, na kaka mliokuja kutuunga mkono: habari za mchana? Poleni na foleni, poleni na joto.

Nimeombwa nizungumzie safari ya mchekeshaji wa kike anayeshuka jukwaani akaingia kwenye tamthilia ya vichekesho ya televisheni. Nitaizungumzia kama ufundi, jinsi fundi cherehani anavyomwonyesha mwanafunzi pa kukata na pa kuacha kitambaa cha kukunjia. Wasichana wengi wanaambiwa "una kipaji, utafika tu", halafu siku wanafika hakuna aliyewaeleza wakifika wafanye nini.

Nianze na swali. Mwanamke wa kwetu alianza lini kuchekesha mbele za watu? Aliisubiri televisheni? Hapana. Kungwi amewavunja mbavu wanawali vizazi na vizazi, tena akifundisha mambo mazito. Mwimbaji wa taarabu amesimama ukumbini akarusha mpasho, aliyerushiwa akajijua, ukumbi mzima ukamjua, na jina halikutajwa. Mtani ameingia msibani akamfanyia mfiwa vituko mpaka akacheka machozi yakiwa mashavuni. Kwa hiyo ulimi tunao.

Sasa angalieni upande wa vyombo vya habari. Redio Tanzania ilitupa michezo ya kuchekesha, ikatupa Mahoka, ikatupa Pwagu na Pwaguzi. Televisheni ikatupa kundi la Ze Comedy na waliofuata. Na kwa miaka mingi mwanamke wa kuchekesha kwenye skrini zetu amekuwa mwanaume aliyevaa gauni. Mchekeshaji Joti amemcheza bibi, amemcheza binti, na amewacheza vizuri, heshima yake naitoa mbele yenu. Lakini yule ni mwanamke anayetazamwa kutoka nje, kutoka dirishani. Mwanamke anayejitazama mwenyewe kutoka ndani ya chumba ataandikwa na nani? Ataandikwa na ninyi mliokaa hapa.

Jambo la kwanza ninalotaka mlishike ni hili: televisheni haichukui utani wako. Inachukua mtu wako.

Jukwaani mnajua hesabu ilivyo. Una dakika tano. Unaweka mtego, unapiga panchi, yaani lile neno la mwisho linaloleta kicheko, na ukumbi usipocheka kwa robo dakika unaanza kusikia viti vinalia. Utani mmoja ukianguka, unaofuata unakuokoa. Lakini tamthilia inakuja wiki hii, wiki ijayo, na mwaka ujao. Hakuna mwanadamu mwenye utani wa kujaza saa zote hizo peke yake. Kinachojaza saa hizo ni mtu ambaye watazamaji wanamjua kiasi kwamba akifungua mlango tu, kabla hajasema, wameshaanza kucheka.

Mchukueni Roseanne Barr. Alizaliwa mwaka 1952 Salt Lake City, Marekani. Alikuwa mke, mama wa watoto watatu, na mhudumu wa vinywaji mjini Denver, ndiko alikoanzia kupanda jukwaani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakupanda na hadithi za ajabu. Alipanda na mama wa nyumbani aliyechoka, mwenye mdomo, asiyeomba radhi kwa sababu nyumba haijafagiwa. Mwaka 1985 akaitwa kwenye kipindi cha usiku cha Johnny Carson, na tarehe 18 Oktoba 1988 kituo cha ABC kikaanza kuonyesha tamthilia iliyobeba jina lake. Ule utani wa dakika tano ulikuwa umekwisha zamani. Yule mama ndiye aliyeingia kwenye skrini, na akakaa misimu tisa.

Mchukueni jirani yetu Anne Kansiime, binti wa Kabale, Uganda, aliyesoma Makerere na kuanza na makundi ya maigizo ya Kampala. Tazameni vipande vyake vifupi vilivyosambaa YouTube. Leo ni mke, kesho ni abiria, keshokutwa ni mteja dukani. Nguo zinabadilika, habari inabadilika, lakini mwanamke ni yule yule: hajibiwi ovyo, na hakubali kuwa amekosea hata akikamatwa na ushahidi mkononi. Ndiyo maana Citizen TV ya Kenya ilipompa kipindi, jina lake lilikaa kwenye jina la kipindi. Walijua wamemchukua nani.

Basi kipimo ni hiki, na naomba mkifanye leo leo. Chukua dakika zako tano zinazochekesha kuliko zote. Futa panchi zote. Umebaki na nini? Ukibaki na mwanamke anayetaka kitu kwa nguvu zake zote, na ndani yake mwenyewe kuna tabia inayomkwamisha, hapo una tamthilia. Ukibaki na karatasi nyeupe, una utani mzuri, na utani mzuri kazi yake ni ya usiku mmoja.

Nimesema tabia, sikusema shida. Hapa ndipo skripti nyingi zinapofia. Mtu anaandika: "Zawadi ni masikini, anatafuta kazi." Haya, Zawadi akipata kazi? Hadithi imekwisha episodi ya tatu. Lakini ukiandika: "Zawadi anataka mtaa mzima umheshimu, na hawezi kutunza siri hata kwa dakika kumi," huyo hamalizi. Mpe kazi, atavujisha siri ya bosi. Mwozeshe, atavujisha siri ya mawifi. Mpe pesa, atamwambia kila mtu kiasi alichopata, na jioni watakuja kumkopa.

Mo'Nique ni mfano ninaoupenda kuliko yote kwa jambo hili. Ni mzaliwa wa Maryland, Marekani, mwaka 1967, na alianza jukwaani Baltimore. Mwaka 1999 kituo cha UPN kilimpa nafasi ya Nikki Parker kwenye The Parkers: mama aliyeacha shule kwa ujauzito, sasa ameingia chuo kile kile anachosoma binti yake. Na humo chuoni amempenda Profesa Oglevee, mwanaume asiyemtaka. Anamtaka, hatakiwi, hakati tamaa, na hajioni hata siku moja kuwa amekataliwa. Episodi 110 zimesimama juu ya mguu huo mmoja, hadi mwaka 2004. Na muone heshima aliyomwekea mhusika wake: Nikki ni mnene, anapendeza, anajiamini, na unene wake haukufanywa kuwa aibu yake. Baadaye mama huyu alichukua tuzo ya Oscar kwa uhusika mzito wa kutisha. Aliyejifunza kumshika mtu mmoja misimu mitano alikuwa tayari kumbeba na mwingine.

Tuko pamoja? Haya. Sasa tuingie lokesheni, mahali pa kurekodia, maana hapo ndipo machozi yalipo.

Chukua utani huu. Dar tunalipa kodi ya nyumba miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Jukwaani unasimulia: mama mwenye nyumba amegonga, unamwambia "Mama, sina hata mia," na jikoni pilau inaiva, inakusaliti. Unaigiza sauti yake, unaigiza sauti yako, unavuta pumzi puani mara mbili, ukumbi umekufa kwa kicheko. Sekunde arobaini.

Ipeleke kwenye tamthilia. Kitu gani kinaharibika? Harufu! Kamera hainusi. Jukwaani ulipotamka "pilau" kila mtu aliisikia bizari ndani ya kichwa chake. Kwenye skrini mtazamaji anaona mlango, wanawake wawili na maneno. Kwa hiyo harufu lazima uigeuze kuwa kitu cha kuonekana. Mama mwenye nyumba anaanza sentensi kwa ukali, katikati anasita, pua inageuka kabla ya macho. Mfuniko wa sufuria unagonga mara moja. Anaendelea kudai kodi, lakini anadai huku akielekea jikoni. Halafu mtoto wa jirani anatokea na sahani: "Mama amesema kama imeiva." Sasa una tukio la dakika mbili, na wewe, nyota wa tamthilia, hujasema hata panchi moja.

Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza wachekeshaji wa jukwaani kuliko kamera na taa. Jukwaani kila kicheko ni chako. Kwenye tukio hili kicheko cha kwanza ni cha pua ya mama mwenye nyumba, cha pili ni cha mtoto. Cha kwako ni cha tatu: uso wako unapomtazama yule mtoto. Ukihangaika kuongeza neno lako juu ya lile la mtoto, umeua vicheko viwili. Mchekeshaji aliyezoea maiki peke yake huogopa ukimya, anaujaza. Jifunzeni kumsikiliza mwenzako kwa uso. Mhariri akikaa kukata, mara nyingi anachokitafuta ni uso wa anayesikiliza.

Na macho? Jukwaani macho yako yapo kwa watu. Kwenye tamthilia yakienda kwenye lenzi bila sababu, nyumba nzima imebomoka, mtazamaji amekumbushwa kuwa kuna kamera. Hata hivyo kuna aliyeligeuza jicho la jukwaani likawa silaha. Miranda Hart wa Uingereza alimjaribu kwanza mhusika wake redioni, BBC, mwaka 2008, ndipo mwaka uliofuata akampeleka televisheni, akaendelea naye hadi Januari 2015. Miranda aliiangalia kamera kama shoga yake aliyekaa pembeni anayeona kila aibu. Kwa nini ilifanya kazi? Kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa na ruhusa hiyo. Mama yake haioni kamera. Rafiki zake hawaioni. Ukitaka kuitumia njia hii, iwekwe kama sheria ndani ya skripti tangu ukurasa wa kwanza. Na mkumbuke alikopitia: redio. Redio ni nafuu, haina vipodozi wala seti, na mhusika asiyeweza kusimama kwa sauti tupu hatasimamishwa na gauni.

Tuzungumze kuhusu kicheko chenyewe. Tamthilia za Marekani zinazorekodiwa mbele ya watazamaji, kwa kamera tatu au nne, huwa na wiki yenye mpangilio: siku ya kwanza waigizaji wanakaa mezani kusoma skripti kwa sauti, kisha mazoezi huku waandishi wakirekebisha kila siku, kisha siku ya kuwapangia kamera, na ya mwisho ni ya kurekodi. Nusu saa ya kituo, ukitoa matangazo, inabaki kama dakika 22. Pale mchekeshaji wa jukwaani ana faida kubwa, anajua kusubiri. Kicheko kinapanda, kinafika juu, na kinapoanza kushuka ndipo unaingiza neno. Ukisubiri kiishe kabisa, tukio limepoa. Ukiwahi, neno limefunikwa.

Lakini sisi hapa kwa kawaida tunapiga kwenye nyumba ya kukodi, kwa kamera moja au mbili, bila watazamaji. Hakuna anayecheka. Na hapo mchekeshaji anachanganyikiwa, anaanza kuongeza sauti na mikono akitafuta kicheko ambacho hakipo. Dada zangu, fundi sauti amekubandikia maiki kifuani. Sauti ya kumfikia mtu wa kiti cha nyuma haihitajiki, inapasua rekodi. Punguza. Halafu punguza tena.

Tena tukio moja litarudiwa mara nyingi. Kwanza kwa upana, wote mnaonekana. Kisha kamera inakuja kwako. Kisha inakwenda kwa mwenzako, na wewe, ambaye huonekani, unatakiwa umpe maneno yake kwa nguvu ile ile uliyompa mwanzo. Ukimpa kivivu, uso wake utakuwa wa uvivu, na tukio lako ndilo linaloharibika. Kamera ikiwa karibu, msipandiane maneno hata kama mtaani ndivyo tunavyoongea, maana mhariri hawezi kutenganisha sauti zilizogongana. Na kikombe ulichokishika kwa mkono wa kushoto kibaki kushoto mpaka mwisho, na chai iwe pale pale ilipokuwa.

Hapa nina neno maalumu kuhusu khanga. Kwenye tamthilia zetu khanga inasema. Mtazamaji wa kwetu anaisoma jina lake kabla hajasikiliza unachosema. Umevaa khanga ya msiba kwenye tukio la kumpokea mgeni, umeandika hadithi nyingine bila kujua. Umevaa moja asubuhi, mchana ukaendeleza tukio lile lile na nyingine, kina mama wote sebuleni wamekuona. Wekeni khanga mbili zinazofanana kwa kila mhusika mkuu, maana moja italowa. Na italowa kwa jasho, kwa sababu feni inazimwa. Feni inaingia kwenye maiki kama mvua. Kiyoyozi vilevile. Kwa hiyo panga matukio ya ndani mapema asubuhi, mwenye kitambaa cha kukausha awe hatua mbili kutoka kwako, na mdomo wa juu ndio wa kufutwa kwanza, ndio unaong'aa kwenye taa. Kunguru wa Dar hawana adabu wala ratiba, bodaboda nazo hazizuiliki. Rekodini nusu dakika ya ukimya wa chumba kila mnapomaliza tukio, mhariri atawashukuru.

Nije kwenye kalamu na karatasi, mambo ambayo wengi hatuyapendi.

Margaret Cho, Mmarekani mwenye asili ya Korea, alikuwa mchekeshaji wa jukwaani mwenye jina alipopewa tamthilia yake na ABC mwaka 1994, All-American Girl. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani, jukwaani, yaliyomkuta. Aliambiwa uso wake ni mpana mno. Akajinyima chakula, akapungua kwa kasi mpaka figo zikafeli. Akaletewa mtu wa kumfundisha namna ya kuwa Mkorea. Tamthilia ilifutwa baada ya msimu mmoja, episodi 19. Mtafakari: walimchukua kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa jukwaani, halafu wakatumia nguvu kumwondoa mwanamke yule yule kwenye skrini. Alirudi jukwaani, akaisema hadithi hiyo mwenyewe, na ikawa moja ya kazi zake kubwa kabisa. Lakini figo ni figo. Mtu akikwambia mwili wako ubadilike ndani ya wiki mbili ili tamthilia iendelee, huyo hajakuelewa wewe ni nani kwenye hiyo tamthilia.

Ndiyo maana nasema, ingieni chumba cha waandishi. Msiende kupokea skripti tu. Roseanne, kwa umaarufu wake wote, alikuta sifa ya ubunifu wa tamthilia imeandikwa kwa jina la mwandishi mwingine, Matt Williams, akaigombania waziwazi. Na mwaka 2018, tamthilia iliporudishwa, aliandika ujumbe wa kibaguzi mtandaoni, ABC wakaifuta siku hiyo hiyo. Kosa lilikuwa lake. Lakini tazameni kilichofuata: familia ile iliendelea kwenye tamthilia nyingine, The Conners, mhusika wake akaandikwa amefariki, na yeye akaachia haki na mapato yake humo. Mtu uliyemzaa mwenyewe anaweza kuzikwa nawe upo hai unatazama.

Upande wa pili yupo Lucille Ball, mwigizaji wa vichekesho wa Marekani. Kituo cha CBS walisita kama watazamaji watamkubali yeye na mumewe Desi Arnaz, Mcuba, kama mke na mume wa kwenye skrini. Mwaka 1950 mke na mume hao wakaingia barabarani na onyesho la jukwaani, wakawathibitishia. I Love Lucy ikaanza tarehe 15 Oktoba 1951, ikipigwa kwa filamu na kamera tatu mbele ya watazamaji. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo wakakubali kupunguziwa malipo, kwa sharti kwamba filamu zenyewe ziwe mali yao. Vipindi vilipoanza kurudiwa, karatasi ya sharti lile ikawa na thamani kuliko mshahara wowote, na CBS wakaja kuzinunua kwa mamilioni ya dola.

Na hapa nyumbani? Mnakumbuka Ze Comedy walipohamia TBC, televisheni ya taifa, tuliwakuta wanaitwa Ze Orijino Komedi. Watu wale wale, jina lingine. Jiulizeni leo: jina la mhusika wako ni la nani? Kabla hujasaini, soma mkataba unasemaje kuhusu jina hilo, na akaunti za mtandaoni zenye jina hilo. Unasemaje kuhusu marudio, na kuhusu vipande vitakavyowekwa YouTube? Siku ngapi za kupiga picha, na kazi ikiingia usiku nani anakurudisha nyumbani Chanika au Bunju? Je, unaruhusiwa kuendelea kupanda jukwaani? Utani wako wa zamani ukiingia kwenye skripti, unabaki wako? Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi yenyewe, hailindi wazo tupu. Wazo ulilomsimulia prodyuza kwa mdomo mkinywa soda halina ulinzi. Liandike, weka tarehe, lipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndipo ukasimulie.

Na mtunze madaftari mawili. Daftari la jukwaa na daftari la mhusika. Utani uliokaa mwaka mzima ukiuchonga ukumbini, televisheni inaumaliza usiku mmoja, na Jumamosi ijayo ukumbi utakuwa unaumalizia kabla yako. Kwa hiyo mnapoitoa dakika tano ya jukwaani kwenda kwenye skripti, itoeni mkijua hairudi, na iwe tayari imezaa mtu.

Nimemaliza upande wangu. Karatasi mlizokuta kwenye viti zina mistari miwili tu. Wa kwanza andika mwanamke wako anataka nini. Wa pili andika tabia yake gani inamzuia. Mna dakika kumi. Tukirudi, mama zetu wa mstari wa mbele watasoma kwanza, kisha tutachukua wawili kati ya wahusika mlioandika, tutawaweka mlangoni na mwenye nyumba, tuone nani ananusa pilau.